Mkono wa Mwisho Kwenye Sinia

Kila nikipita pale kwenye mashine ya kusaga mnanisimamisha. Mara "Hamisi, hebu tueleze," mara "Hamisi, ni kweli ulikula halwa ya watu kabla ya ndoa?" Nikianza kueleza, mashine inawashwa, hamsikii, mnabaki kunicheka midomo inavyocheza. Basi nimekaa na kalamu. Shule mnajua niliishia wapi, kwa hiyo mkikuta neno limepinda, linyosheni wenyewe.

Mwanzo wake ni marehemu kaka yangu Omari. Mnamkumbuka Omari, yule aliyetoka hapa Mkongani kijana mbichi kwenda kuvua Wasini, akaoa huko na huko akabaki. Alipokuwa mgonjwa wa mwisho aliniambia, "Hamisi, Zainabu hana kaka. Siku yake ikifika, umuoze wewe, kwa mdomo wako, nikusikie." Nikamwambia utanisikiaje na wewe umekwenda zako? Akacheka. Akasema, "Wewe sema tu kwa sauti."

Siku ilipofika, wanangu wakanijia juu. Baba una sukari, baba safari ni ndefu, baba huko njiani utakula nini, wakilisha kwa simu, sheikh wa kule aoze kwa niaba yako. Ni kweli dini inaruhusu. Lakini mimi niliahidi mdomo, sikuahidi simu. Nikawaambia, nitakwenda, na nitafika na akili zangu, na nitasema kwa sauti. Hilo ndilo lililokuwa shingoni mwangu safari nzima. Kufika hata maiti hufika. Mimi nilitaka kufika mzima wa kichwa, nitamke maneno yakatamkika.

Mkongani hadi Ukunda

Binti yangu Riziki alinifungia kikapu. Mayai ya kuchemsha, njugu za kukaanga, matango, chupa ya maji, na vidonge vyangu kwenye kikopo. Halafu akanitia na tende, kazifunga fundo kwenye kitambaa cha kanga ya marehemu mama yake.

"Riziki, wataka kuniua? Tende mimi?"

"Hizi si za kula, Baba."

"Tende isiyoliwa ni ya nini? Ya kupigia kunguru?"

"Ni za ukishikwa na kutetemeka. Muuguzi alisema mbele yetu sote. Sukari hupanda na sukari hushuka, na ukimeza vidonge lazima ule."

Ni kweli muuguzi wa Kwale alisema. Ila mimi nilishika nusu ya kwanza, ile ya usile vitamu. Nusu ya pili ilinipita, maana nilikuwa nikitazama saa yao ya ukutani, imesimama, na nikijiuliza watu hawa wanajuaje wakati wa kufunga.

Alikuja kunichukua Rama, mtoto wa dada yangu, ambaye ni mhudumu katika hoteli moja ya kitalii huko Diani. Kaazima gari. Barabara ya kutoka kwetu mnaijua, sina haja ya kuisimulia. Tulichelewa Kwale kwa sababu mwenye gari alipiga simu akitaka gari lake, Rama akambembeleza, akakata, akapiga tena, na hivyo hivyo mpaka jua likawa kali. Tulipofika Ukunda njaa imenishika sawasawa, na saa ya vidonge vya mchana inakaribia. Rama akaniacha kwenye mkahawa mmoja, akaenda kumtuliza mwenye gari.

Mhudumu alikuwa binti wa bara, mchangamfu, nywele nyekundu.

"Karibu mzee, nikuletee nini?"

"Marahaba," nikamwambia. Hakuwa amenisalimu, lakini niliona nimrahisishie. Akacheka, akasema, "Shikamoo mzee." Nikasema, "Hiyo tumeshaimaliza. Niletee chai kavu isiyo na sukari."

Akaleta. Nikainywa funda moja, ulimi ukaniambia.

"Binti, chai hii ina sukari."

"Ai, mzee, hiyo si mimi. Imekam na sukari kwa birika."

"Basi niletee maji ya matunda yasiyo na sukari."

"Kuna juisi ya miwa. Hiyo hatuweki sukari hata kidogo, naapa."

Nikacheka mpaka meza ya pili wakageuka. Yule binti naye kwanza akanitazama, kisha ikamwingia, akaziba uso kwa trei. Baada ya hapo tulikuwa marafiki. Nikamwomba maji. Nikamwomba maharage na nusu chapati. Akasema nusu hawauzi. Nikamwambia, "Lete nzima, ile nusu nyingine ule wewe." Akaila pale pale kasimama, huku akinisimulia kwao Nyahururu kuna baridi gani. Nikameza vidonge vyangu nikashiba vizuri. Nawaambia hivi ili mjue kwamba mlo wangu wa kwanza wa safari haukunishinda. Kwenye mkahawa unaweza kusema nataka hiki, sitaki kile, na mtu hakuchukii. Shida haipo kwa wageni.

Diani

Ilibidi Rama aingie zamu kabla ya kunipeleka Msambweni, kwa hiyo akanichukua hotelini kwao nikamngoje nyuma, upande wa wafanyakazi. Kutoka pale unauona mchanga. Ni mchanga ule ule. Kila kitu juu yake kimebadilika lakini wenyewe uko vile vile, mweupe mpaka unakuumiza macho.

Mimi na Omari tulikuwa tukiuteremkia kwa miguu kutoka Mkongani, tumebeba kuku wa kuuza kwenye matenga kichwani. Tunaondoka alfajiri. Tukishauza, tunakaa chini na wavuvi, wanatuchomea pweza, sisi tunatoa muhogo wetu, na mtu mmoja alikuwa hakosi kutuangulia dafu. Tunakula mpaka tunalala pale pale. Kisha tunapanda tena milima kwa miguu kurudi nyumbani. Siku zile sukari ingenipata wapi? Ingenitafuta kwenye mwili isingenikuta, nimeshapita. Sasa nimepelekwa kwa gari, nimeketishwa kwenye kiti, na kipande cha dafu nakihesabia hatari.

Nilikuwa nasema nini? Ndiyo. Mpishi wa wafanyakazi, baba mmoja mnene wa bara, akanikuta nimekaa. Rama alikuwa ameshamweleza.

"Mzee, wewe ni wa sukari? Hata mathe yangu ako nayo. Kuja nikuonyeshe."

Akachukua sahani, akachora kwa kijiko. "Hii nusu yote, mboga. Hii robo, nyama ama samaki ama maharagwe. Hii robo ndogo ndio ugali. Ukienda popote, hata kwa harusi, chora hii line kwa macho yako, hutapotea."

Maneno mazuri. Nikamshukuru. Kisha nikamwuliza, "Mwanangu, sisi kwetu sahani ni sinia moja, tunalizunguka watu sita au saba. Nusu ya mboga itakuwa ya nani?"

Akabaki na kijiko hewani. "Hapo sasa," akasema, "hapo mzee umenimaliza."

Lakini sikumwuliza kwa mzaha. Nilikuwa nikilifikiria sinia tangu nyumbani. Kwenye sinia kuna adabu yake, nanyi mnaijua: mkubwa ndiye anayetia mkono kwanza, na mkubwa akinyanyua mkono, wadogo wote hunyanyua, washibe wasishibe. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno. Baba yetu alikuwa mzito wa kula kupita kiasi. Hata ile miaka mvua ilipokataa, sinia la sima na mboga ya mchunga, mkono wake ndio ulikuwa wa mwisho kutoka. Sisi tumeshashiba, yeye bado anafinya, anaviringa tonge, analamba kidole. Omari alikuwa akinifinya paja pale mkekani, tunacheka kimya kimya: huyu baba huyu, anapenda kula! Kumbukumbu hiyo ilinijia pale Diani, nikaitabasamia, nikaiacha ipite.

Msambweni

Msambweni nililala kwa shemeji yangu Bi Mwanajuma, mdogo wa marehemu mke wangu Mwanatumu. Hapo sikuingia mikono mitupu, haiwezekani. Nikatazama kikapu nina nini. Mayai nimeshakula, njugu zimebaki kidogo. Nikampa zile tende. Akafungua fundo, akakitambua kitambaa cha dada yake, akakishika muda mrefu kabla ya kuzitazama tende zenyewe. Nikaona nimefanya jambo la maana. Na kikapu kimekuwa chepesi.

Alipika. Jamani, alipika. Wali wa nazi unaonukia mpaka barabarani, samaki wa kupaka, mchicha, achari ya embe, na mkate wa sinia uliovimba kama mto wa kulalia. Upishi wa Mwanatumu mtupu, mkono mmoja, mama mmoja. Tangu Mwanatumu atangulie mbele ya haki sikuwa nimesikia ule wali. Nikanawa, nikakaa, na wanawe watatu wakubwa na wakwe zake wawili wakanizunguka, vijana wametoka makazini, wana njaa zao.

Nikatia mkono. Nikachora mstari wa mpishi kwa macho yangu. Mchicha ulikuwa upande wa kijana wa kwanza, nikaona haya kuvuka mbele yake. Samaki alikuwa katikati. Mbele yangu wali mtupu, maana wali mzuri humegewa mgeni. Nikala matonge machache, nikasikia yule muuguzi ananiambia usile, usile. Nikanyanyua mkono. Nikasema alhamdulillahi.

Mikono mitano ikanyanyuka pamoja na wangu.

"Kuleni, kuleni nyinyi," nikasema.

"Tumeshiba, Baba," wakasema wote, na tumbo la mmoja wao likanguruma hapo hapo. Niliwabembeleza. Walishakwenda kunawa. Sinia likarudi jikoni limejaa kama lilivyotoka.

Kisha Bi Mwanajuma akatoka, kashika upawa, macho yamemlowa.

"Shemeji, chakula changu kina nini?"

"Hakina kitu, shemeji, kitamu, ni mimi na hii sukari..."

"Dada angekipika wewe ungekula."

"Mwanajuma..."

"Ungekula mpaka ukakomba sinia. Nakujua. Nilikuwa nikikupakulia mimi nikiwa mtoto."

Nilieleza, lakini maelezo ya sukari ni marefu na machozi ni mafupi, hayalingani. Alinisikia kwa masikio tu. Usiku ule nililala nikiwafikiria wale vijana na njaa zao. Asubuhi nikasikia kinu, nikasikia mafuta, najua ni mahamri, najua mbaazi za nazi ziko jikoni. Nikajiambia, Hamisi, ukikaa sinia la pili utaharibu mara mbili. Gari la kwenda Shimoni lilikuwa limeshapiga honi. Nikameza vidonge vyangu kwa maji matupu, nikaaga mlangoni.

"Hata chai?" akasema.

"Nitakula Shimoni, shemeji."

Ndipo nilipofanya kosa langu. Na lilikuwa kosa la mtu mwenye adabu, ndiyo sababu sikuliona.

Shimoni

Maji yalikuwa yamekupwa. Boti limekaa kwenye tope, na nahodha kakaa juu yake akishona tanga la turubai la kukingia jua. Tungoje. Abiria tulikuwa wachache, pamoja na mama mmoja mtu mzima aliyevaa buibui jipya, amekumbatia bakuli kubwa lililofungwa kwa kitambaa cheupe, halitui chini hata akisalimiana na watu. Nilimsikia akiitwa Bi Saumu. Katoka Mombasa.

Kibanda cha pale gatini kilikuwa na mahamri na chai ya maziwa iliyokwisha tiwa sukari. Nikasema, mimi mahamri ya shemeji yangu nimeyakimbia, nije nile haya? Nitavumilia mpaka Wasini. Nikajiona mjanja. Nikamsifu moyoni yule mpishi wa Diani.

Jua likapanda. Kwanza nikahisi jasho la baridi mgongoni, nikasema ni joto. Kisha mikono ikaanza kucheza kama ya mtu anayepepeta. Kisha nikakasirika. Sijui hasira ile ilitoka wapi. Nikasimama mbele ya nahodha nikamwambia anipe viatu vyangu.

"Viatu gani, mzee wangu?"

"Viatu vyangu! Mmenificha viatu nisifike! Nimetumwa na kaka yangu mimi!"

"Baba," Bi Saumu akasema polepole, "viatu vimo miguuni."

Nikatazama. Vimo. Lakini nilihisi si miguu yangu. Nikataka kujibu, ulimi ukawa mzito, maneno yakaja nusu nusu. Na pale, nyinyi wenzangu, ndipo nilipoogopa. Sikuogopa kufa. Niliogopa kwamba nitavuka, nitafika, watanipa mkono wa bwana harusi, na mdomo wangu hautasema. Omari atasikiliza huko aliko asisikie kitu.

Nikaona Bi Saumu ananikalisha. "Una sukari wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Umekula leo?"

Nikatikisa.

"Umemeza dawa?"

Nikaitikia.

"Ya Rabi! Mume wangu alikuwa hivi hivi. Hebu fungua mdomo."

Akalifungua lile bakuli. Halwa. Halwa nyekundu, inang'aa, haijaguswa, imesawazishwa juu kama ukuta uliosilibwa. Akatia vidole akamega.

"Siwezi... halwa... mimi nina sukari..."

"Sasa hivi huna, ndiyo nakupa. Kula!"

Sikutaka. Akanisukumia mdomoni kama mtoto anayelishwa dawa, na tonge la pili, na la tatu, huku nahodha kanishika mabega. Tangu nipimwe sikuwa nimeonja halwa. Nilikuwa nikiiota. Na siku nilipoipata sikuweza hata kuusikia utamu wake, kwa kutetemeka.

Tukakaa. Polepole dunia ikarudi mahali pake. Bahari ikawa bahari, viatu vikawa vyangu. Bi Saumu hakuniacha hapo. Akamwita mwenye kibanda akachome muhogo na kipande cha samaki. "Halwa inakuamsha tu," akasema, "isipofuatwa na chakula utalala tena." Akanisimamia mpaka nikamaliza. Kisha ndipo akauliza nakwenda wapi.

"Wasini. Kuoza."

"Unamuoza nani?"

"Zainabu wa Omari. Mimi ndiye ami yake."

Bi Saumu akanitazama. Akalitazama bakuli, na lile shimo la vidole katikati. Akaanza kucheka, akacheka mpaka buibui likamvuka kichwani.

"Mimi ni shangazi wa bwana harusi," akasema. "Hii uliyokula ndiyo halwa ya ndoa hiyo."

Wasini

Maji yakajaa, tukavuka. Huko hakuna gari wala pikipiki, ni vijia vya mawe kati ya nyumba, na mtu hufika kwa salamu, kila mlango salamu yake. Walinipitisha nyumba ya Omari. Kofia yake bado ipo juu ya msumari. Zainabu akaja na hina mikononi, akanishika mguu, akasema, "Shikamoo, Ami. Nilijua utakuja." Ana meno ya Omari, mwanya ule ule wa mbele.

Ndoa ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Tukakaa msikitini, mimi huku, bwana harusi kule, sheikh katikati. Aliyekaa upande wa bwana harusi kama mkubwa wao ni babu yake, Mzee Kombo, mzee mwembamba mwenye fimbo, sauti kubwa kuliko mwili. Halwa ikaletwa, ikawekwa kando pamoja na kahawa ya kuchangamshia baada ya ijabu, yale maneno ya kuozesha, kama ilivyo desturi. Ikafunuliwa. Watu wakaona shimo.

"Nani huyo," Mzee Kombo akauliza, "kala halwa kabla ya ndoa?"

Nikainua mkono kama mtoto wa chuo cha Kurani. "Ni mimi."

"Walii mwenyewe, mwenye kumuoza binti?"

"Mimi mwenyewe."

Akampa fimbo mtu aliyekuwa kando yake. "Basi sheikh, harakisha. Halwa yetu imo tumboni mwake, sasa hana njia ya kutunyima mke!"

Msikiti mzima ukaangua kicheko, sheikh naye akafunika mdomo. Na kicheko kile kilinifaa, kilinilegeza kifua. Nikaushika mkono wa yule kijana. Nilikuwa na hofu ulimi utarudi kuwa mzito. Nikasema, nimekuoza Zainabu binti Omari, mtoto wa ndugu yangu, kwa mahari tuliyokubaliana. Nilisema kwa sauti. Wanawake waliokuwa nje ukutani wakanisikia, wakapiga vigelegele kabla kijana hajajibu, ikabidi wanyamazishwe ili tumsikie akikubali. Nadhani na mwingine alisikia.

Halafu ikaja karamu. Biriani. Na sinia, bila shaka sinia. Wakanikalisha pamoja na Mzee Kombo kama wakubwa wawili, na vijana wametuzunguka, wale waliobeba viti, waliochinja, waliopanga mikeka tangu alfajiri. Nikasema moyoni, Hamisi, leo usiwatie watu njaa. Wala usijitie mwenyewe.

Nikala kwa mpango. Nyama kwanza, kachumbari, tonge dogo la wali, nikatulia. Nilipoona imenitosha sikunyanyua mkono. Nikauacha humo humo ndani. Nikafinya wali, nikaviringa tonge, nikalirudisha. Nikachukua mfupa, nikaunyonya, ingawa ulikuwa umeshanyonywa. Nikatazama wenzangu wanavyokula, nikafurahi.

Kisha nikamtazama Mzee Kombo. Naye anafinya. Anaviringa. Tonge lake linakwenda mpaka karibu na kidevu linarudi. Nilimwangalia muda mrefu. Wali mbele yake haupungui.

Nikamwinamia. "Mzee mwenzangu, wewe nawe?"

Bila kugeuka akasema, "Miaka mingi. Wewe?"

"Mingi vile vile."

"Nilikuwa nikikungoja wewe unyanyue."

"Mimi nakungoja wewe."

"Tusinyanyue," akasema. "Yule pale wa mwisho bado ana njaa, alikuwa akibeba maji tangu asubuhi. Wewe chukua mfupa mwingine."

Nikachukua. Tukaendelea hivyo wazee wawili, tunafinya, tunaviringa, tunalamba kidole kisicho na kitu, na vijana wanakula kwa raha zao, mmoja akamnong'oneza mwenzake kitu, wakacheka kimya kimya. Nilijua wanasema nini. Niliyajua maneno yenyewe.

Mkono wangu ukasimama ndani ya sinia. Nikaona sima na mchunga. Nikaona mkono wa Baba, vidole vile vyembamba, miaka ile ya kiangazi, unaviringa tonge unalirudisha. Na Omari ananifinya paja.

"Una nini?" Mzee Kombo akauliza. "Sukari?"

"Hapana," nikamwambia. "Pilipili."

Kurudi

Nilirudi kwa njia ile ile, na Msambweni nikashuka. Nikamwambia Bi Mwanajuma, lete sinia, waite na wale vijana. Mara hii nilimwambia kabla: mchicha na samaki uweke upande wangu, wali upande wao. Akasema, "Kumbe ni hivyo tu? Si ungesema!" Nikamwambia, na tende zangu nazitaka. Akanirudishia chache, zimefungwa kwenye kipande cha kanga yake yeye, kile cha dadake kakitia kabatini. Sikukidai.

Sasa zinakaa mfukoni mwa koti langu, mnaponiona nikizipapasa mnadhani ni tumbaku. Riziki alinipima sukari niliporudi. Imepanda kidogo, akanitazama kwa jicho la mama yake, lakini akili ni hizi hizi mlizozizoea.

Na jana usiku tulikula wajukuu wote na mimi, sinia moja, sima na samaki wadogo. Mdogo wao, yule mwenye maneno, akaniuliza, "Tsawe, kwa nini wewe humalizi kula?"

Nikaviringa tonge, nikalirudisha.

"Napenda sana kula," nikamwambia. "Kula wewe."